Dainamo ya Zamani, Foleni ya Leo

Wahandisi waliobuni magari madogo ya spoti ya Kiingereza miaka ya 60 walifikiria barabara ya mashambani, hewa baridi, na dereva mwenye mguu mzito. Hawakufikiria foleni ya feri ya Likoni, Mombasa, saa moja na nusu usiku, mvua ya masika ikinyesha. Hapo gari husogea hatua mbili likasimama. Taa kubwa zinawaka, waipa zinafagia kioo, feni ya rediata inavuma, na injini imetulia kwenye mizunguko mia saba au mia nane kwa dakika. Taa ndogo nyekundu ya chaji kwenye dashibodi huanza kumetameta, kisha ikawaka moja kwa moja. Tangu dakika hiyo kila kitu kinakula betri, na betri hailipwi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua MGB, gari lililozinduliwa mwaka 1962 na kuendelea kutengenezwa hadi 1980, likitoka zaidi ya nusu milioni. Zile za miaka ya mwanzo zilikuja na dainamo ya Lucas aina ya C40, ambayo ukomo wake ni ampea 22. Taa kubwa mbili za wati 60 zinachukua ampea 10. Taa za nyuma, ya namba na za dashibodi, weka 3. Waipa 3, koili ya moto 4. Ukiongeza feni ya umeme, ambayo wenye magari haya pwani hulazimika kuifunga kwa sababu ya joto, weka 8 nyingine. Jumla ni 28, na hujawasha redio wala kupiga honi. Hata dainamo ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, deni lipo. Ikiwa injini imeachwa ingurume tu bila kukanyagwa, dainamo haitoi karibu chochote.

Kwa nini haitoi? Ndani ya dainamo, umeme mkubwa unazalishwa kwenye sehemu inayozunguka. Ili utoke nje, lazima upite kwenye brashi za kaboni zinazosugua vipande vya shaba. Sehemu hiyo ni nzito na imefungwa nyaya nene, hivyo ikizungushwa kwa kasi mno nyaya zinaweza kuchomoka na kutawanyika. Basi puli yake hupewa ukubwa unaoilinda dainamo wakati injini inapokwenda mbio, na malipo ya ulinzi huo yanaonekana kwenye foleni.

Altaneta, iliyochukua nafasi ya dainamo, imegeuza mpango huo. Nyaya nene zimetulia pembeni, zimefungwa kwenye ganda lisilozunguka, na kinachozunguka katikati ni sumaku ya umeme inayohitaji ampea chache tu. Brashi zake ni nyembamba na hazina mzigo. Kwa hiyo inaweza kupewa puli ndogo, ikazunguka mara mbili na zaidi ya kasi ya injini, ikachaji hata gari likiwa limesimama. Umeme wake hutoka ukienda mbele na nyuma kama maji ya kupwa na kujaa, kisha dayodi sita au zaidi huulazimisha uende upande mmoja. Kilichokuwa kikisubiriwa kwa miaka mingi ni dayodi za silikoni zilizo ndogo na nafuu. Zilipopatikana, Chrysler ya Marekani iliweka altaneta kwenye Valiant ya 1960. Jaguar iliiingiza kwenye E-type ya lita 4.2 mwaka 1964. MGB ilifuata mwishoni mwa 1967.

Tarehe hizo ni jibu kwa wale wanaosema kufunga altaneta ni kulinajisi gari la kale. Kiwanda chenyewe kilifanya hivyo, tena gari likiwa bado linauzwa jipya. Walio na haki ya kugoma ni wale wanaolipeleka gari kwenye mashindano ya usafi na uhalisi, kama Concours d'Elegance ya Nairobi. Kwao dainamo ibaki, au wanunue altaneta iliyotengenezwa ndani ya ganda linalofanana na la dainamo. Anayeliendesha gari lake kutoka Ganjoni kwenda Nyali kila Ijumaa hana sababu ya kuteseka. Aitoe ile C40, aifunge kwenye kitambaa chenye grisi, aiweke kabatini. Siku akitaka kuliuza, itamwongezea bei.

Mombasa ina faida moja ambayo wenye magari haya huko Uingereza hawana. Vipuri vilivyotumika kutoka Japani hushuka Kilindini, na fundi wa umeme wa magari kisiwani huzijua altaneta za Toyota na Nissan kwa kuzipapasa tu. Altaneta za Lucas za enzi hizo, kama 17ACR ya ampea 36, ni nzuri lakini adimu. Ya Toyota ya miaka ya 80 au 90, ya ampea 50 hadi 60, inatosha na kubaki.

Kinachotakiwa ni kuchagua kwa akili. Altaneta za magari mapya zaidi hudhibitiwa na kompyuta ya gari, na MGB haina kompyuta ya kuiamuru. Tafuta yenye regyuleta, yaani kidhibiti cha volti, ndani yake. Angalia puli pia. Nyingi sasa zina puli pana ya mkanda wenye mistari, ilhali gari la Kiingereza lina mkanda mwembamba wa umbo la V, kwa hiyo puli ibadilishwe. Na tamaa ya ampea 90 au 100 haina maana, kwa kuwa mkanda ule mwembamba utateleza, utapiga kelele, na kuungua.

Kabla ya kufungua nati hata moja, kuna swali linalowakwamisha wengi: upande gani wa betri umefungwa kwenye bodi? Magari yote ya kisasa huunganisha hasi na bodi. Waingereza kwa miaka mingi waliunganisha chanya. MGB za kabla ya mwisho wa 1967 ziko hivyo, Austin-Healey 3000 vilevile, na E-type za lita 3.8 pia. Altaneta ya kawaida ikifungwa kwenye gari la namna hiyo, dayodi zake huungua pale pale betri inapounganishwa. Haihitaji hata kuwasha injini.

Kugeuza upande si kazi ya siku nzima, lakini inataka utulivu. Kwenye MGB betri ni mbili za volti 6, zimefichwa nyuma ya viti na kuunganishwa zitoe 12. Anayezigeuza hugundua kwamba vichwa vya waya haviingii tena sawasawa, kwa sababu nguzo ya chanya ya betri ni nene kuliko ya hasi. Vichwa vipya lazima vinunuliwe. Nyaya mbili ndogo za koili zibadilishane nafasi. Ampmita nayo, kwa gari lililo nayo, igeuzwe, la sivyo itaonyesha gari linachaji wakati betri inakwisha. Redio ya zamani isiachwe imeunganishwa. Mita ya mizunguko ya umeme ndiyo yenye ukorofi zaidi, kwa kuwa baadhi hulazimika kufunguliwa na kubadilishwa nyaya za ndani. Mota ya stata haijali chochote, itazunguka upande ule ule.

Gari la Austin-Healey Sprite la kwanza, lile lenye taa zilizotokeza juu ya boneti kama macho ya chura, lina mtego wake. Mita yake ya mizunguko huendeshwa na kebo inayotoka nyuma ya dainamo. Ukiitoa dainamo umeiua mita, na fundi asiyeambiwa mapema atakikuta kile kipande cha gia mkononi mwake akijiuliza ni cha nini.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya macho zaidi kuliko nguvu. Dainamo ni ndefu na nyembamba, altaneta ni fupi na nene, hivyo mashimo ya breketi hayakutani. Fundi mzuri hukata kipande cha bomba la chuma kiwe spesa, akakijaribu, akakipunguza kwa tupa, akakijaribu tena, mpaka puli ya altaneta ikae mstari mmoja na ile ya injini na ya pampu ya maji. Huweka kipande cha ubao ulionyooka au rula ndefu kwenye nyuso za puli hizo na kuchungulia mwanga. Mwanga ukipenya upande mmoja, mkanda utaliwa ukingo ndani ya wiki chache. Kisha mkanda hukazwa, na kidole gumba kikiukandamiza katikati unapaswa kubonyea kama sentimita moja na kidogo.

Waya ndio mahali pa kutofanya ubahili. Nyaya za kiwanda zilipimwa kwa ampea 22 na zimekaa miaka sitini kwenye hewa ya chumvi. Zile za zamani zaidi zimefunikwa kwa uzi wa pamba ambao hunyonya unyevu. Ukitaka kupitisha ampea 45, waya kutoka altaneta hadi nguzo ya stata uwe na eneo la milimita 6 za mraba, mpya, wa shaba. Katauti, kile kisanduku cheusi kilichokuwa kikidhibiti dainamo, hakina kazi tena. Wapo wanaokiacha mahali pake kikiwa tupu ndani, nyaya zikikutania humo, ili ukifungua boneti uone kama zamani. Ujanja huo haumdhuru mtu.

Ile taa nyekundu ya dashibodi isipuuzwe. Si ya kutoa taarifa tu: umeme mdogo unaopita kwenye balbu yake ndio unaoiamsha altaneta. Balbu ikiungua, altaneta inaweza kulala mpaka injini ikanyagwe sana. Balbu ya kisasa ya LED ikiwekwa hapo mara nyingi hupitisha umeme mdogo mno, na mwenye gari hulaumu altaneta isiyo na kosa.

Kwa kisiwa cha chumvi kama Mombasa kuna tahadhari mbili zaidi. Mahali waya unapogusana na bodi pakwanguliwe mpaka chuma kionekane, pakazwe, kisha papakwe grisi, maana kutu ya kijani kwenye shaba huzuia umeme kimyakimya. Na kwa kuwa sakafu za magari haya hulika na kuchomelewa mara kwa mara, betri na altaneta zichomolewe kabla ya mashine ya kuchomelea kuwashwa. Mpigo mmoja wa umeme wake unatosha kuua dayodi.

Madereva wa mbio walilielewa suala hili la uhaba wa umeme zamani. Safari Rally, iliyoanza 1953, ilikimbizwa usiku na mchana, na taa nne za ziada za wati 100 kila moja hula ampea 33 peke yake. Ford Escort ambayo Hannu Mikkola alishindia mwaka 1972, akiwa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kuutwaa ushindi huo, isingeweza kuona barabara kwa dainamo. Katika mbio za magari ya kale, Safari Classic, zilizoanza 2003 na ambazo zimeileta misafara yake Mombasa mara kadhaa, altaneta kubwa ni jambo la kawaida chini ya boneti za zamani.

Kazi ikikamilika, mita ya volti hutoa hukumu. Injini ikinguruma taratibu, taa na feni vimewashwa, kipimo kwenye betri kiwe kati ya volti 13.8 na 14.5. Kikiwa chini, mkanda unateleza au kuna muunganiko mbovu. Kikipita 15, regyuleta imekufa na betri itachemka. Kikiwa sawa, mwenye gari ageukie fyuzi. MGB za mwanzo zina mbili tu kwa gari zima, na taa kubwa hazimo hata katika hizo mbili. Dainamo ya ampea 22 ilikuwa na huruma waya ulipogusana na bodi. Altaneta ya ampea 60 haina.