Tarakimu Mbili Zikibadilishana Nafasi

Tarehe 31 Oktoba 2022, mjini Dodoma, Taifa lilitangaziwa matokeo ya Sensa: Watanzania tulikuwa 61,741,120. Katika hesabu hiyo wamo wavuvi, wachuuzi na akina mama wanaoanika dagaa huko Katonga, mwambao wa Ziwa Tanganyika. Wengi wetu huiona namba kubwa namna hiyo kuwa ni kazi ya wataalamu peke yao. Sivyo. Kila namba ina tabia zake, na tabia hizo hata mtoto wa shule ya msingi aweza kuzipima.

Itazame. Inaishia na sifuri, basi yagawanyika kwa kumi. Jumlisha tarakimu zake zote: utapata 22. Gawanya 22 kwa tisa, hubaki nne. Na namba yote ukiigawanya kwa tisa, hubaki nne vilevile. Sababu ni nyepesi: kumi ni tisa na moja, mia ni 99 na moja, elfu ni 999 na moja. Ukiziondoa tisa hizo, kila tarakimu hubaki peke yake, popote ilipokaa.

Sasa tuseme karani kapitiwa, akaandika 61,471,120. Saba na nne zimebadilishana nafasi tu, lakini watu 270,000 wametoweka! Jumla ya tarakimu haikubadilika, kwa hiyo tofauti ya namba hizo mbili ni lazima igawanyike kwa tisa. Nayo yagawanyika: ni tisa mara 30,000.

Faida yake ni nini kwa mama wa Katonga? Tuseme amekopesha magunia ya dagaa. Daftari lake lasema anadai shilingi 1,864,500. La mchuuzi lasema 1,846,500. Tofauti ni shilingi 18,000, fedha za kutosha kuvunja ujirani. Kabla ya kuitana wezi, na waigawe kwa tisa. Jibu ni 2,000, bila baki. Hapo washuku kwanza kuwa tarakimu mbili zilizo jirani zimebadilishana. Mbili ya jibu hilo yaonyesha kuwa zapishana kwa mbili. Elfu yaonyesha mahali pa kutazama: nafasi ya maelfu na ile ya makumi elfu iliyo kushoto kwake. Kweli, hapo ndipo zilipo sita na nne. Kilichobaki ni kuhesabu upya magunia na bei, ijulikane ni daftari lipi lililokosea.

Kama tofauti haigawanyiki kwa tisa, kosa si la kubadilisha nafasi peke yake, litafutwe kwingine. Na ikigawanyika, hiyo ni dalili, si hukumu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tuongeze: daftari nalo lahitaji jicho. Jioni ya leo, mketishe mwanao mezani, mlikague la nyumbani kwenu.