Mzee, Askofu na Shemasi: Msamiati wa Nyaraka za Kichungaji kwa Msomaji wa Kiswahili

Utangulizi

Nyaraka mbili kwa Timotheo na mmoja kwa Tito zina jumla ya sura 13 tu. Tangu karne ya 18 wataalamu wamezoea kuziita Nyaraka za Kichungaji, kwa kuwa zinahusu mambo mawili makubwa: nani anafaa kuliongoza kanisa, na mafundisho ya namna gani yanafaa kufundishwa humo. Mada ya mhadhara huu ni msamiati wa nyaraka hizo katika Kiswahili. Hoja yake ni moja: msomaji wa Kiswahili akutanapo na maneno kama mzee, askofu, shemasi na uzima, hukutana pia na historia ndefu ya uteuzi wa wafasiri. Asiyeijua historia hiyo anaweza kudhani anabishana na mtume, kumbe anabishana na kamusi.

Mfano wa msomaji huyo ni mkazi wa Kikatiti, katika Wilaya ya Meru, kandokando ya barabara kuu ya Arusha hadi Moshi. Eneo hilo lina Waluteri, Wakatoliki, Waadventista na Wapentekoste, na wote wanasoma nyaraka hizi kwa Kiswahili. Wengi wao huzungumza Kimeru, Kichaga au Kimaasai nyumbani. Kwa hiyo neno la Kiyunani huwafikia likiwa limepita mikono mingi.

Njia ya maandiko hadi Meru

Wamisionari wa Leipzig walifika Meru mara ya kwanza mwaka 1896, na wawili kati yao, Ewald Ovir na Karl Segebrock, wakauawa Akeri. Kituo cha Nkoaranga kilianzishwa mwaka 1902. Wamisionari hao walizithamini sana lugha za wenyeji, lakini hatimaye Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya ibada na mafunzo kwa watu wa makabila mbalimbali.

Kiswahili hicho cha Biblia hakikuanzia mlimani. Edward Steere, askofu wa misheni ya Kianglikana Unguja, ndiye aliyeweka msingi wa tafsiri ya Kiunguja, na Biblia kamili ya lahaja hiyo ikatoka mwaka 1891. Ile ya Kimvita ilikamilika mwaka 1914. Mwaka 1937 ilitoka Biblia ya Karl Roehl, Mjerumani aliyejitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu. Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 ndiyo iliyoziunganisha jumuiya nyingi za Kiprotestanti, na bado inasomwa sana. Biblia Habari Njema, iliyotoka kamili katika miaka ya 1990, ilichagua lugha nyepesi zaidi.

Mzee na askofu

Katika Kiyunani, neno presbyteros lina maana ya mtu mwenye umri mkubwa, na pia ya mtu mwenye dhamana katika jumuiya. Katika sura ya 5 ya Waraka wa Kwanza kwa Timotheo neno hilo linatumika kwa maana zote mbili: mwanzoni linamhusu mtu mzima wa kuheshimiwa kama baba, na baadaye kidogo linamhusu kiongozi anayestahili heshima na malipo kwa kazi yake. Kiswahili kimebahatika hapa. Neno mzee hubeba umri, heshima na madaraka kwa pamoja, bila ya mfasiri kulazimika kuchagua. Kwa Mmeru ambaye katika ukoo wake yupo mshili, yaani kiongozi wa ukoo, wazo la uongozi unaotokana na ukubwa wa busara si geni hata kidogo.

Neno la pili ni episkopos. Limeundwa kwa sehemu mbili, yaani juu na kuangalia, na maana yake ya kawaida ni mwangalizi au msimamizi. Wasemaji wa Kiarabu walilipokea kwa umbo la usquf, na Kiswahili kikalipata askofu kupitia njia hiyo. Kwa hiyo askofu ni neno la Kiyunani lililovaa vazi la Kiarabu kabla ya kufika pwani.

Tatizo huonekana katika sura ya kwanza ya Waraka kwa Tito. Mwandishi anamwagiza Tito aweke wazee katika kila mji wa Krete, kisha anaeleza sifa zao. Katikati ya maelezo hayo, bila ya kubadili mada, anatumia neno episkopos. Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba hapo majina hayo mawili yanahusu watu wale wale. Waraka wa Klementi kutoka Roma, wa mwishoni mwa karne ya kwanza, nao unayatumia maneno hayo bila ya kuyatenga. Ni katika nyaraka za Ignatio wa Antiokia, mwanzoni mwa karne ya pili, ndipo tunapomwona wazi askofu mmoja akiwa juu ya wazee na mashemasi.

Msomaji wa Tafsiri ya Muungano anakuta wazee katika aya ya 5 na askofu katika aya ya 7. Ikiwa ni Mluteri, mzee wa kanisa kwake ni muumini wa kawaida aliyechaguliwa na usharika, na askofu ni mkuu wa dayosisi nzima. Baina ya wawili hao wamo mwinjilisti, mchungaji na mkuu wa jimbo. Umbali usiokuwamo katika Kiyunani umeingia kwa mlango wa Kiswahili. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba tafsiri hiyo hiyo, katika sura ya 20 ya Matendo ya Mitume, inalifasiri neno episkopos kuwa mwangalizi. Wafasiri walijua maana ya asili. Walichagua cheo pale walipoona cheo, na kazi pale walipoona kazi. Biblia Habari Njema imechagua njia nyingine, nayo inasema kiongozi.

Neno kasisi, linalotumiwa hasa na Waanglikana, lina fundisho lake pia. Limetoka katika Kiarabu, nacho kililipata kutoka Kisiria, ambako asili yake ni mzee. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba kanisa lake lina makasisi lakini halina wazee, kwa upande wa etimolojia anajipinga mwenyewe.

Shemasi na mhudumu

Neno diakonos lina maana ya mtumishi au mhudumu. Katika sura ya 3 ya Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, Tafsiri ya Muungano inasema mashemasi, neno lililotokana na Kiarabu shammas, lenye asili ya Kisiria. Katika sura ya 4 ya waraka huo huo, Timotheo mwenyewe anaitwa diakonos, na hapo tafsiri inasema mtumishi. Katika sura ya 16 ya Waraka kwa Warumi, Fibi wa Kenkrea anaitwa kwa neno lile lile, na tafsiri inasema mhudumu. Mwanafunzi asiyejua Kiyunani hawezi kutambua kwamba mwanamke huyo amepewa jina lile lile walilopewa mashemasi wa Efeso.

Ugumu unaongezeka katika aya ya 11 ya sura ya 3. Neno la Kiyunani gyne ni mwanamke na pia ni mke. Kiswahili kina maneno mawili, na mfasiri hana budi kuchagua: ama wake za mashemasi, ama wanawake walio katika huduma hiyo. Uteuzi huo si jambo dogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT, lilianza kuwabariki wanawake kuwa wachungaji, baada ya mjadala wa miaka mingi. Katika mijadala ya namna hiyo silabi moja inaweza kuonekana kuwa ushahidi, ilhali ni uamuzi wa mfasiri.

Usemi wa mume wa mke mmoja unahitaji uangalifu wa aina hiyo hiyo. Katika jamii zenye mitala umesomwa kama katazo la wenye wake wengi kushika uongozi. Lakini sura ya 5 ina usemi unaolingana nao, unaomhusu mjane aliyekuwa mke wa mume mmoja. Kwa kuwa katika jamii ile mwanamke hakuwa akiolewa na wanaume wawili kwa wakati mmoja, kuna hoja kwamba usemi huo unahusu uaminifu katika ndoa, au kutooa na kutoolewa tena. Hapa Kiswahili kimehifadhi ulinganifu huo vizuri. Kinachotakiwa ni msomaji kuziweka sura mbili hizo pamoja.

Mafundisho yenye uzima

Nyaraka hizi zinayaeleza mafundisho yanayofaa kwa kitenzi hygiaino, kuwa na afya. Ni lugha ya tabibu. Mafundisho mabaya, kwa upande wake, yanafananishwa katika Waraka wa Pili na gangraina, ambayo Tafsiri ya Muungano imeifasiri kwa ustadi kuwa donda-ndugu. Kila Mswahili anajua kwamba donda la namna hiyo halitulii mahali pamoja.

Tafsiri hiyo inasema mafundisho yenye uzima. Uteuzi huo una utajiri na hatari. Shina -zima ni la Kibantu, na linajumuisha kuwa hai, kuwa na afya na kuwa kamili. Lakini uzima ndilo neno linalotumika pia kwa uhai wa milele, ambao katika Kiyunani ni zoe, neno jingine kabisa. Msomaji anaweza kusikia mafundisho yaletayo uhai, badala ya mafundisho yasiyo na ugonjwa. Wanaopendelea mafundisho sahihi wanadhani wameiacha sitiari ya afya. Hawakuiacha. Sahihi na siha ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kiarabu: kilicho sahihi ni kilicho na siha. Sitiari imelala ndani ya neno, ila wasemaji wengi wa leo hawaisikii.

Katika sura ya 6 ya Waraka wa Kwanza, mpenda mabishano anaelezwa kwa kitenzi cha Kiyunani cha kuugua. Tafsiri ya Muungano inasema ana wazimu. Ugonjwa umehamia akilini, na msomaji anaweza kuvutwa na mlio wa wazimu na uzima. Maneno hayo mawili hayana uhusiano wa mzizi. Yanafanana kwa sauti tu.

Mfano unaowagusa wanachuo zaidi umo katika sura ya 4 ya Waraka wa Pili. Kiyunani kinasema juu ya watu wenye masikio yanayowasha, wanaotafuta walimu wa kuwakuna. Tafsiri ya mwaka 1952 inayaita masikio ya utafiti. Wakati ule utafiti ulikuwa udadisi na upekuzi. Leo utafiti ni kazi rasmi ya chuo kikuu, yenye bajeti na ripoti. Mwanafunzi anayeisoma aya hiyo bila ya kujua mabadiliko ya maana anaweza kudhani kwamba waraka unalaani kazi yake.

Kinachopotea katika tafsiri

Mwaka 1921 P. N. Harrison alichapisha hesabu mashuhuri ya msamiati wa nyaraka hizi. Ukiacha majina ya pekee, alihesabu maneno 848 tofauti, na kati yake 306 hayamo katika nyaraka nyingine kumi zinazobeba jina la Paulo. Neno eusebeia, ambalo Tafsiri ya Muungano inalifasiri utauwa, linapatikana mara 10 katika nyaraka hizi tatu na halipo hata mara moja katika zile kumi. Hesabu ya namna hiyo ni mojawapo ya sababu zinazowafanya wataalamu wengi waamini kwamba nyaraka hizi ziliandikwa na mfuasi wa Paulo baada ya kifo chake. Wengine wanatetea kwamba ni za Paulo mwenyewe, na wanaeleza tofauti hizo kwa umri wake, mada zake au mwandishi aliyemsaidia.

Upande wowote msomaji atakaoufuata, ushahidi huo hauonekani katika Kiswahili. Mfasiri hutumia maneno yaliyozoeleka kila mahali, na upekee wa mtindo unafutika. Kwa hiyo swali la nani aliandika haliwezi kujibiwa kwa tafsiri peke yake.

Hitimisho

Maneno ya uongozi si mchezo katika eneo la Meru. Kati ya mwaka 1990 na 1993 kulikuwa na mgogoro mkali, wenye vurugu, juu ya madai ya Wameru kuwa na dayosisi yao, nje ya Dayosisi ya Kaskazini yenye makao yake Moshi. Mtafiti Mfaransa Catherine Baroin aliuchambua mgogoro huo mwaka 1996 katika jarida la African Affairs. Baadaye KKKT likawa na Dayosisi ya Meru. Nyaraka za Kichungaji haziwezi kuamua mipaka ya dayosisi, kwa sababu askofu wa Waraka kwa Tito hakuwa na dayosisi. Zinachoweza kufanya ni kuuliza sifa za mtu: kama si mgomvi, kama si mpenda fedha, kama nyumba yake ina utaratibu, kama anaweza kufundisha. Maswali hayo yanamhusu mzee wa mtaa sawasawa na askofu.

Njia ya kusoma iko karibu. Kilomita chache kutoka Kikatiti, Usa River, kipo Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, kilichokua kutoka chuo cha teolojia kilichohamia hapo kutoka Lwandai mwaka 1954. Lakini hata asiyesoma Kiyunani anaweza kuanza. Aziweke tafsiri mbili za Kiswahili pamoja juu ya meza, na kila zinapotofautiana juu ya jina la cheo, asimame hapo. Pale ambapo moja inasema askofu na nyingine kiongozi, kuna neno la tatu nyuma yake, na ni hilo analopaswa kuliulizia kabla ya kumhukumu jirani yake.