Sabuni ya mwani: kwenye kingo ndiko kwenye bei

Mwani wa Zanzibar kwa kawaida huondoka visiwani ukiwa umekaushwa na kufungwa katika marobota, bila ya kufanyiwa kazi nyingine. Viwanda vya ng'ambo ndivyo vinavyoutoa karagini, ule ute unaotumika kuzitia uzito dawa za meno, aiskrimu na bidhaa nyingine nyingi. Mwanamke aliyeinama ndani ya maji ya chumvi tangu bamvua lilipoanza kutoka hulipwa kwa kilo, na bei ya kilo hupangwa na wengine. Faida kubwa humfuata yule anayeimalizia kazi.

Ndiyo maana sisi tunaiona sabuni ya mwani kuwa ni zaidi ya zawadi ya mtalii. Ni moja kati ya bidhaa chache ambazo mkulima wa mwani mwenyewe anaweza kuzianza na kuzimaliza pale pale kijijini.

Kilimo hiki kilianza kibiashara mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, mashariki ya Unguja, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Baadaye kiliwaajiri watu zaidi ya 20,000, wengi wao wanawake. Lakini tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, joto la bahari limekuwa likiiua ile aina yenye bei nzuri, cottonii, katika maji ya kina kifupi ambako wanawake hulima. Wengi wamebaki na spinosum, ambayo bei yake ni ndogo. Mwaka 2006 ulianzishwa mpango wa Zanzibar Seaweed Cluster Initiative, ambao mtafiti Dk. Flower Msuya amekuwa mstari wa mbele kuuendesha, kwa lengo la kuuongezea mwani thamani. Akina mama wa Kidoti, Paje na kwingineko wakajifunza kuusaga mwani na kuutia katika sabuni.

Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sabuni ikishawekwa mezani, mnunuzi hana njia ya kujua mafuta yamepimwa vipi. Anachokijua ni kile anachokiona na kukishika, na kitu cha kwanza kukigusa ni ukingo.

Sabuni hizi hutengenezwa kwa mafuta ya nazi au mafuta mengine, maji yaliyotiwa kostiki, unga wa mwani na vitu vya kunukia kama karafuu au mchaichai. Uji wake humiminwa katika kiboksi, na baada ya siku moja au mbili bonge hutolewa na kukatwa kwa waya au kisu. Kila kipande kilichokatwa hutoka na kingo kali. Hapo kazi bado, kwani sabuni ya namna hii hupangwa juu ya rafu kwa wiki nne hadi sita ikauke na kukomaa.

Hatari ya kingo huonekana katika wiki hizo. Ukingo mwembamba hukauka kabla ya tumbo la sabuni, ukawa mkavu kama biskuti. Ukigongana na mwenzake ndani ya kikapu au sanduku la safari humeguka. Sabuni njema kabisa humfikia mnunuzi ikionekana kama iliyoliwa na panya, na yeye hapo hapo huanza kuomba apunguziwe.

Dawa yake ni nyepesi ila inataka wakati wake. Kingo hupunguzwa siku zile za mwanzo baada ya kukata, sabuni ikiwa inabonyea kidogo kwa kidole gumba bila ya kunata. Ukiwahi mno, inapakazika. Ukichelewa, inapasuka vipande, hasa ikiwa mwani haukusagwa laini, maana chembe kubwa hung'oka na kuacha vishimo. Kisu cha kumenyea viazi kinatosha. Hulazwa mshazari, kikapitishwa mara moja katika kila ukingo kwa mkono mwepesi, kisha pembe husuguliwa kwa kidole kilichovaa glavu. Glavu si urembo: sabuni changa huweza kuwa bado na ukali wa kostiki. Ule unga mweupe unaojitokeza juu, ambao ni kostiki iliyokutana na hewa, nao hukwanguliwa.

Kipande kimoja cha mstatili kina kingo 12. Vipande 100 ni kingo 1,200. Hiyo ni kazi ya nusu siku au zaidi, na mara nyingi haihesabiwi katika bei. Watu huhesabu mafuta, kostiki na karatasi ya kufungia, wakasahau mkono. Tunasema iingizwe katika hesabu kama kazi nyingine yoyote.

Maranda nayo yasitupwe. Ukipunguza gramu 3 tu katika kila kipande, vipande 100 vinatoa gramu 300, yaani sabuni tatu za gramu 100. Maranda hayo huyeyushwa kwa maji kidogo juu ya moto mdogo na kumiminwa upya, au hukandwa kuwa madonge ya kufulia. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa wale wanaotaka kuuza huku Uingereza, ukingo una uhusiano na sheria pia. Sabuni ya kuogea inahesabiwa kuwa ni kipodozi. Lazima iwe na ripoti ya usalama iliyotiwa saini na mtaalamu, orodha ya viambato, na anwani ya mtu aliye hapa nchini anayewajibika nayo. Lebo lazima itaje uzito wakati wa kufungwa. Basi anayepima kwanza, akachonga baadaye, lebo yake inadanganya, hata kama hakukusudia. Mpango sahihi ni kuchonga, kukausha, kupima, ndipo kufunga.

Sisi tulio nje tuna tabia ya kuzinunua sabuni hizi kwa huruma, tukazigawa kama zawadi bila ya kuzitazama. Huruma hununua mara moja tu. Ukirudi nyumbani ukapita Paje au Kidoti, ishike sabuni, izungushe mkononi, na ukiona ukingo umemeguka mwambie muuzaji kwa adabu na umweleze kwa nini. Na ukiikuta imechongwa vizuri, lipa bei aliyoitaja. Kuna mtu ameukalia ukingo ule, na kwa mara moja malipo ya umaliziaji hayakuvuka bahari.