Kisu cha Kukunja: Makali, Kutu na Utunzaji

Miongoni mwa zana ndogo alizozibuni binadamu, ni chache zilizodumu na umbo lake kama kisu cha kukunja. Warumi wa kale walikuwa na visu vya namna hii, na hata leo wapo watu wanaovikusanya na kuvichukua mfukoni kila siku. Shabaha yake ni moja: makali yafichwe ndani ya mpini, ili kisu kichukulike bila ala na bila kumjeruhi mwenyewe.

Mfano mzuri ni kisu cha Opinel cha Ufaransa. Mwaka 1890 Joseph Opinel, mwana wa mhunzi katika milima ya Savoie, alitengeneza kisu chenye sehemu chache mno: bapa la feleji, mpini wa mti na ribiti ya kuviunganisha. Mwaka 1897 vilikuwapo vya ukubwa wa namna 12, vilivyopewa namba 1 hadi 12. Namba 1 na namba 11 ziliachwa mwaka 1935.

Kisu hicho kilikuwa na kasoro: bapa liliweza kujikunja ghafla na kukata vidole vya mtumiaji. Mwaka 1955 Marcel Opinel, mwana wa Joseph, alibuni pete ya chuma inayozungushwa shingoni mwa mpini ili kulizuia bapa lisijifunge. Hata hivyo mti haukuacha tabia yake. Mpini ukilowa hufura na kulibana bapa, kisu kikawa kigumu kukunjuka; ukikauka hulegea tena.

Feleji na Kutu

Feleji ni chuma kilichochanganywa na kaboni kidogo. Feleji ya visu vya jadi huwa na kaboni inayokaribia sehemu 1 katika 100. Ikipashwa moto hadi iwe nyekundu, kisha ikapozwa ghafla, huwa ngumu sana lakini hukatika upesi kama kioo. Kwa hiyo hupashwa tena kwa moto hafifu ili ipunguziwe wepesi huo wa kukatika. Feleji ya namna hii hunoleka kwa urahisi juu ya kinoo cha kawaida na kupata makali mazuri.

Adui yake ni kutu. Chuma kikikutana na maji pamoja na oksijeni ya hewani huzaa kutu nyekundu, yenye vitundu vingi, isiyokinga kilicho chini yake. Chumvi huharakisha kazi hiyo. Ndiyo sababu kisu huharibika upesi zaidi katika miji ya pwani kama Tanga na Mombasa. Feleji isiyopata kutu kwa urahisi hutiwa kromiamu nyingi, ambayo hujifanyia utando mwembamba wa kuikinga.

Hapa ndipo wakusanyaji wengi wapya hupotea. Bapa linalokata matunda na vitunguu hugeuka rangi, likawa la kijivu au la samawati iliyoiva. Wao hudhani ni uchafu, wakalisugua kwa msasa hadi ling'are. Kumbe utando huo hupunguza kasi ya kutu nyekundu, na tena ni ushahidi wa umri wa kisu. Ukisha kuondolewa, thamani ya kisu cha kale hupungua, wala haiwezi kurudishwa.

Kuchukua na Kutunza

Anayesafiri na kisu hana budi kujua sheria za aendako. Kwa mfano, sheria ya Uingereza ya mwaka 1988 humruhusu mtu kuchukua hadharani kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3. Lakini mahakama zimeamua kuwa kisu chenye kizuizi cha bapa hakimo katika ruhusa hiyo, na mwenye kukichukua ni lazima awe na sababu ya haki.

Utunzaji wenyewe si mgumu. Kisu kifutwe kikauke kila baada ya kutumiwa, bapa lipakwe mafuta kidogo, wala mpini usirowekwe majini. Kutu nyekundu iondolewe mapema, lakini utando wa kijivu uachwe. Kisu kilichotunzwa hivyo chaweza kurithiwa na wajukuu.