Fahamu: Akili Mnemba na Dhima ya Wakili

Mwezi Juni 2023, katika mahakama ya shirikisho mjini New York, Jaji P. Kevin Castel aliwatoza mawakili wawili pamoja na ofisi yao faini ya dola 5,000, kwa kuwa, katika madai ya abiria mmoja dhidi ya shirika la ndege la Avianca, waliwasilisha hukumu zisizopata kutolewa popote, zilizobuniwa na programu ya ChatGPT, kisha wakazishikilia hata baada ya kuhojiwa.

Sababu ya uzushi huo ni kwamba programu ya namna hiyo, isipounganishwa na hazina ya hukumu, haipekui daftari za mahakama, bali hukadiria neno lipi laelekea kufuata jingine, hata uwongo ukaja umevaa joho la ukweli.

Kwa hiyo yampasa wakili, na msuluhishi vilevile, kuisoma kila hukumu katika asili yake kabla ya kuitaja, kutotia siri za mteja katika programu isiyo na hifadhi, na kutouachia mtambo uamuzi juu ya haki za watu.

Chombo hiki chafaa kwa muhtasari na rasimu. Lakini saini iliyo chini ya waraka ni ya mwanadamu, na dhima yake haihamishiki. Nawe mteja, usione haya kumuuliza wakili wako: je, haya umeyahakiki?