Kura Yangu Moja Itafanya Nini?

Kalamu ninayo mkononi, na leo siandiki hadithi ya majini wala barua ya mapenzi, bali jambo lililonikosesha usingizi muhula mzima. Walimu wetu wapendwa, naomba mnivumilie iwapo nitateleza hapa na pale, kwani ulimi hauna mfupa.

Muhula wa kwanza Chama cha Kiswahili kiliandaa mdahalo katika bwalo la maakuli. Hoja ilikuwa: "Kupiga kura hakumfaidi mwananchi wa kawaida." Mimi nilikuwa upande wa kuunga mkono. Wanaonijua wanajua kwamba mdomo wangu haujui breki. Nilisimama, nikakohoa kidogo kama mbunge, kisha nikawauliza wenzangu: unga ulikuwa shilingi ngapi kabla ya uchaguzi, na baada ya uchaguzi ulikuwa shilingi ngapi? Bwalo zima likalipuka kwa vicheko. Nikasema kwamba mama mboga hupiga kura kila baada ya miaka mitano na bado anauza sukuma wiki pale pale chini ya mwavuli ule ule uliotoboka. Nikamalizia kwa kusema kura moja kati ya mamilioni ni tone la maji katika Ziwa Victoria. Tulishinda! Nilibebwa juu juu hadi bwenini kama mfungaji wa bao la dakika ya mwisho.

Jumatatu iliyofuata nikatumwa nyumbani kuleta karo.

Nyumbani nilikuta mambo si mambo. Mama alikuwa ameniombea basari ya wadi, na orodha ya waliofaulu ilikuwa imebandikwa. Jina langu halikuwamo. Waliokuwamo, kwa mujibu wa Mama ambaye hujua koo zote za pale kwetu, wengi walikuwa wa ukoo mmoja, na ukoo huo ni wa nani kila mtu alijua. Kaka yangu, ambaye ni mwendeshaji bodaboda, alimlaani yule MCA kuanzia unyayo hadi utosi. Nyanya alikuwa ameketi kando akipukuchua mahindi. Hakuinua hata kichwa. Akauliza, "Na wewe mjukuu wangu, siku ile ulimpigia nani?"

Kaka akanyamaza. Siku ya uchaguzi wa Agosti 2022 alishinda barabarani kutwa nzima akiwabeba watu kituoni kwa shilingi hamsini hamsini. Alifika kwenye lango la kituo hicho labda mara thelathini. Hakushuka kwenye pikipiki hata mara moja. Wenzake wengi wa stejini walifanya vivyo hivyo, maana siku hiyo biashara ilikuwa nzuri. Sasa sikiliza: yule MCA alimshinda aliyemfuata kwa kura ambazo, ukizigeuza watu, hazijazi matatu mbili. Ile steji ya kina Kaka ina vijana kama arobaini. Wangeshuka tu!

Sisemi kwamba yule aliyeshindwa angekuwa malaika. Pengine naye angewakumbuka binamu zake kwanza. Lakini angalau alikuwa ameahidi mbele ya watu, kanisani na msikitini, kwamba orodha ya basari ingesomwa barazani mwananchi akisikia. Tungekuwa na neno la kumshika nalo. Kwa huyu hatuna, kwa sababu hakuahidi kitu, alipeana lesso.

Niliporudi shuleni nilichukua karatasi na kalamu nikaanza kupiga hesabu, kwa sababu hoja yangu ya tone na ziwa ilikuwa imeanza kuninukia. Katika uchaguzi huo wa 2022 William Ruto alipata kura 7,176,141 naye Raila Odinga akapata 6,942,930. Tofauti ni kura 233,211. Ukisikia hivyo unaona ni nyingi, si ndiyo? Lakini kura hazipigwi zote katika uwanja mmoja. Nchi nzima ilikuwa na vituo 46,229, na vingi kati yavyo ni madarasa kama haya yetu. Gawanya mwenyewe. Tofauti ni kura 5 kwa kila darasa. Watu watano! Hata dawati mbili hawazijazi.

Tena tuliandikishwa wapiga kura zaidi ya milioni 22, wakajitokeza kama asilimia 65. Yaani katika chumba kimoja, ukichukua wastani, walioandikishwa ni kama 480, waliokuja ni kama 310, na waliobaki nyumbani, au barabarani wakibeba abiria, ni kama 170. Watu 170 hawakuja, na urais wa taifa zima ulikatwa na watu watano wa kila chumba. Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo tunavyoandika katika insha kila wiki, lakini nakiri sikuwahi kuipigia methali hiyo hesabu.

Hapo nimemtaja rais, na nadhani hapo ndipo wengi wetu tunapopotea. Mkenya hupewa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake wa kaunti, mbunge na mwakilishi wadi. Sisi hugombana juu ya ile ya kwanza hadi tukanuniana na majirani, halafu zile nyingine tunatia alama kwa kufuata rangi ya chama. Ilhali ile ya mwisho, ya MCA, ndiyo iliyo karibu nawe kuliko zote. Bajeti ya kaunti hupitishwa na bunge la kaunti, na humo ndimo MCA anamoketi. Zahanati ile isiyo na dawa, barabara ya matope ya kwenda sokoni, shule ya chekechea, chuo cha ufundi cha kijijini: hayo ni mambo ya kaunti. Kuna wadi 1,450, kila moja na mtu wake. Huko kura yako si tone ziwani, ni tone ndani ya kikombe cha chai.

Lakini mtaniuliza, kama nilivyouliza mimi mwenyewe kwa mbwembwe siku ya mdahalo, je, kura zikiibwa? Hapo nilimwendea Nyanya, maana yeye ameona mengi. Mwaka wa 1988, KANU ikiwa chama pekee, mchujo wa kuwateua wagombea ulifanywa kwa mlolongo. Hapakuwa na karatasi wala sanduku. Watu walijipanga foleni nyuma ya wakala aliyeinua picha ya mgombea, wakahesabiwa kama ng'ombe wa mnada. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya mlolongo aliingia bungeni bila kupitia kura ya siri. Nyanya anasimulia kwamba foleni yake ilishuka hadi karibu na mto, na ile nyingine ungeihesabu kwa vidole vya mikono na miguu. Jioni wakaambiwa foleni fupi imeshinda. "Ungemwonyesha nani?" akaniuliza. "Watu wakienda nyumbani, na foleni imekwenda nyumbani."

Nimelifikiria sana neno hilo. Foleni haiachi alama. Karatasi huacha. Siku hizi vituo vikifungwa saa kumi na moja jioni, sanduku hufunguliwa papo hapo mbele ya mawakala wa vyama, kila karatasi inainuliwa watu waione, kisha hesabu ya urais inaandikwa katika Fomu 34A na mawakala wanatia sahihi. Nakala inabandikwa mlangoni. Mwaka wa 2022 picha za fomu hizo ziliwekwa kwenye mtandao wa tume ya uchaguzi, IEBC, kila mtu akajumlisha kwake nyumbani. Kabla ya hapo, tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilifuta ushindi wa urais wa Uhuru Kenyatta kwa sababu sheria haikufuatwa, hasa katika kupeperusha matokeo kutoka vituoni. Afrika nzima haikuwa imewahi kuona mahakama ikifuta ushindi wa rais aliye madarakani. Sasa, wezi hawajaisha nchini, tusidanganyane. Ila mwizi wa leo ana karatasi elfu arobaini na ushei za kuhangaika nazo, na yule wa 1988 hakuwa na hata moja.

Wengine husema tubadilishe nani tusibadilishe nani, maisha ni yale yale. Hapa mimi nina shahidi. Mwaka wa 1992 Rais Moi alishinda kwa kiasi cha asilimia 36 tu ya kura, kwa kuwa waliomkataa waligawana kati ya Matiba, Kibaki na Odinga. Mwaka wa 1997 wakagawana tena. Mwaka wa 2002 wakaungana, Kibaki akapata asilimia 62, na Januari 2003 shule za msingi zikawa za bure. Wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2 kwa mwaka mmoja. Mmoja wa waliongezeka ni shangazi yangu, aliyekuwa ameacha shule darasa la tatu akawa anachunga mbuzi. Leo ni muuguzi, na nusu ya karo yangu hutoka mfukoni mwake. Kwa hiyo nilipokuwa nikipiga kelele bwaloni kwamba kura haijamfaidi mtu yeyote, nilikuwa nimeshiba kwa kura za mwaka wa 2002. Aibu iliyoje!

Baba yangu hakubali hata neno moja katika hayo, na sitaficha. Baba alikuwa fundi wa kushona nguo mjini Eldoret. Alipiga kura Desemba 2007, na mapema Januari 2008 kibanda chake kilichomwa moto pamoja na cherehani mbili. Mimi nilikuwa mgongoni mwa Mama. Baba alitoroka na mkasi tu, na mkasi huo anao hadi leo. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakakimbia makwao, na baadaye tume ya Jaji Kriegler iliyochunguza uchaguzi huo ikasema matokeo yalikuwa yamechafuka kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda kwa haki. Ukimwambia Baba habari za kura anajibu hivi: "Mimi niliipiga, nayo ikanipiga." Hajapiga tena.

Msomaji, sina jawabu la kumponya Baba. Ninachoweza kusema ni kwamba zile kura hazikuchoma kibanda, waliochoma ni watu, tena baadhi yao majirani. Na uchafu ule ndio uliotupeleka kwenye kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010, ambapo kama asilimia 67 ya waliopiga walikubali katiba mpya. Kaunti, Mahakama ya Juu na sheria kwamba rais lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, vilitoka humo. Baba hakupiga hata hiyo. Nilipomweleza, alisema, "Vizuri," akaendelea kukata kitambaa.

Kuna pia ndugu zetu wanaosema barabara ina nguvu kuliko sanduku. Wanatoa mfano wa Juni 2024. Ni kweli, vijana waliandamana na tarehe 26 mwezi huo Rais akatangaza kwamba hatatia sahihi mswada wa fedha. Lakini siku moja kabla, wabunge 195 walikuwa wameupitisha dhidi ya 106. Hao 195 waliingiaje mle ndani? Hawakupenyea dirishani. Vijana waliuawa ili kurekebisha jambo ambalo lingeweza kuzuiwa mapema na alama ya kalamu ndani ya kijisanduku cha karatasi. Tofauti ya hao na hao ni watu 89.

Nisisahau shilingi mia mbili. Mnazijua. Mgombea anakuja usiku, anapeana noti, anaenda zake. Miaka mitano ina siku 1,826. Gawanya mia mbili kwa hizo na utapata kama senti 11 kwa siku. Jamani, hata peremende haiuzwi bei hiyo! Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili aliniambia nyanyake huchukua pesa za wagombea wote kisha anapiga kura anavyotaka, kwa kuwa kura ni siri. Mbele ya walimu siwezi kumsifu, kwani sheria inakataza kutoa na kupokea pia, lakini nilicheka sana.

Likizo iliyopita, kitambulisho changu kikiwa bado kinanukia plastiki, nilikwenda kujiandikisha. Baba alisema ana shughuli mjini, hivyo tukaenda pamoja. Tulipofika hakuingia. Alisimama nje chini ya mti na baiskeli yake. Ndani nilibonyeza vidole kwenye mashine, nikapigwa picha (nilitoka vibaya), nikapewa kikaratasi cha kuonyesha kwamba nimeandikishwa. Nilipotoka, Baba alinyoosha mkono nimpe. Alikisoma upande wa mbele, akakigeuza akakisoma na upande wa nyuma, polepole, kama mtu anayetafuta kasoro kwenye mshono. Kisha akanirudishia.

"Kiweke vizuri," akasema. "Mvua inakuja."