Weji Yako Inapeleka Mpira Kushoto Kila Saa? Kabla Ulaumu Swingi, Cheki Lai

Uko yadi 90 kutoka kwa bendera. Draiva imeenda fiti, wasee mnaocheza nao wamenyamaza kimya. Unatoa weji, unachapa mpira, na hata mikono inakuambia hapo umeushika poa. Unapanda juu, unapendeza, alafu unashuka yadi 5 kushoto, ndani ya mchanga. Kedi anakucheki kwa huruma. "Ulivuta, bosi."

So next time unajaribu kusukuma kulia kidogo. Inafanya kazi mara mbili, mara ya tatu mpira unaishia kulia kabisa. Unaingia YouTube usiku, unabadilisha vile unashika gripi. Unalipia ndoo zingine tatu za mipira. Wiki inaisha na swingi yako imeharibika zaidi ya vile ilikuwa.

Sasa skiza. Inawezekana hukuvuta. Inawezekana ile fimbo imekunjwa kwa pembe ya mtu mwingine, na kila saa unapiga poa inakupeleka kushoto vile tu ilitengenezwa kufanya.

Hiyo pembe ndo wagofu wanaita lai. Simamisha weji chini, soli yake ikae flati kwa sakafu. Ile pembe kati ya mti wa fimbo na ardhi, hiyo ndo lai. Weji nyingi zikitoka kiwandani huwa digrii 63 ama 64 hivi. Namba ikiongezeka, mti unasimama wima zaidi. Ikipungua, mti unalala. Wewe ukiwa mrefu ama unasimama karibu na mpira, pengine unahitaji ile imesimama. Ukiwa mfupi, ama mikono yako inakaa chini, unahitaji ile imelala. Lakini urefu peke yake usikudanganye, juu kuna wasee warefu wenye mikono mirefu inafika magotini karibu, na hao wanatoshana na fimbo ya kawaida tu.

Ikiwa lai imesimama sana kukuliko, wakati unagonga mpira kisigino cha fimbo kinakaa chini na ncha ya mbele inainuka. Kwa msee wa mkono wa kulia, mpira unaenda kushoto. Ikiwa imelala sana, ncha inagusa chini, kisigino kinainuka, mpira unaenda kulia. Kama wewe ni wa mkono wa kushoto, geuza hayo yote.

Kitu yenye wasee wengi hawajui ni kwamba hii makosa haina uzito sawa kwa kila fimbo. Jaribu hii sai hapo ulipo. Shika simu yako wima mbele yako kama ukuta, skrini ikiangalia mlango. Izungushe kidogo kama usukani wa matatu. Skrini bado inaangalia mlango, si ndio? Sasa ilaze nyuma, skrini iangalie juu kiasi, alafu izungushe tena vile vile. Umeona? Skrini sai inaangalia pembeni. Hiyo ndo lofti na lai zikifanya kazi pamoja. Uso wa fimbo ukilala nyuma zaidi, kosa dogo la lai linageuza mpira zaidi.

Tupige hesabu ya karatasi. Chukua fimbo namba 5 yenye lofti ya digrii 26, lai yake imekosea na digrii 2. Kwa yadi 100 kosa ni kama yadi 1.7. Hata ukipiga yadi 170, ni karibu yadi 3 tu, na kwa umbali huo nani analia? Sasa chukua weji ya digrii 56 yenye kosa lile lile la digrii 2. Kwa yadi 100 uko nje na yadi 5. Ya digrii 60, yadi 6. Uwanjani namba zinaweza kupungua kiasi, juu mpira hauruki kwa pembe ya lofti kamili, lakini mpangilio ni huo huo. Shimo nalo lina upana wa milimita 108. Manze, fimbo yenye unatumia ukitaka kuweka mpira karibu kabisa ndo yenye inaumizwa zaidi na lai mbaya. Na ndo yenye hakuna mtu huwa anapima.

Juu cheki vile tunanunua. Mtu anakusanya doo polepole, anapata seti ya mtumba, weji anaongeza baadaye moja moja. Ya 52 imetoka kwa msee mmoja online, ya 58 ulipewa na anko. Kila moja ilikuwa ya mwili mwingine. Kama ni Ping, angalia hapo nyuma kuna kadoti ka rangi. Nyeusi ni lai ya kawaida, bluu imesimamishwa, nyekundu imelazwa. Kampuni zingine hazikuwekei alama, so unabaki kubahatisha. Na hata doti isikupe imani sana, mwenyewe wa kwanza angeweza kuikunja tena baadaye.

Kuna kitu ingine weji inafanya tofauti. Ukipiga fimbo ndefu kwa nguvu, mti unajipinda kuelekea chini wakati kichwa kinakuja, na ncha inashuka. Mafundi wanajua hiyo na wanaihesabu. Lakini weji unapiga polepole, mara nyingi umeshika gripi chini kidogo na mikono iko chini. Mti haujipindi sana, ncha haishuki, so ile fimbo inacheza kama imesimama zaidi. Ndo maana mafundi wengi hulaza weji digrii moja ama mbili kuliko zile fimbo zingine kwa begi. Ukiona seti yako ya fimbo inaenda nyoka lakini weji peke yake inavuta kushoto, anza kushuku hapo.

Alafu kuna nyasi. Viwanja mob za huku kwetu zina nyasi ya kikuyu, ile nene inashika kama velkro. Ni ya huku nyanda za juu za Afrika Mashariki kiasili, lakini imesafiri mbali, hata Riviera kule Los Angeles wanaichezea. Weji ikiingia hapo na kisigino kimetangulia chini, nyasi inashika kisigino, ncha inaendelea, uso unafunga. Lai ilikuwa inakupeleka kushoto tayari, sai nyasi inaongezea. Ncha ikitangulia, uso unafunguka na mpira unaishia kulia. Kwa zulia la uwanja wa mazoezi huwezi kuona hii kitu vizuri, na ndo sababu unaweza kuwa simba huko na panya ukiingia uwanja wenyewe.

Kupima hakuhitaji mashine. Nunua maka ya ubao, ile inafutika. Chora mstari mmoja mnene kwa mpira. Weka mpira chini ili mstari usimame wima, upande wenye utagongwa na fimbo. Piga weji ya kawaida, kama yadi 60 ama 70, usijaribu kurekebisha chochote. Angalia uso wa fimbo. Mstari utakuwa umechapwa hapo. Ukisimama wima kabisa ukilinganisha na ile mistari ya uso, lai yako iko sawa. Juu ya mstari ikiinamia upande wa ncha, fimbo imesimama sana. Ikiinamia upande wa kisigino, imelala sana. Futa, rudia mara kumi. Usiamini moja, juu kila mtu ana ile shuti moja ya ajabu. Kama nane zinasema kitu kimoja, umepata jibu.

Kuangalia mikwaruzo kwa soli pia inasaidia, lakini kwa fimbo ya mtumba mikwaruzo ni story ya mwenyewe wa zamani. Na kosa lenye naona sana ni mtu kusimama dukani, kuweka fimbo chini, kuona ncha imeinuka kidogo, anasema hii imesimama. Zii. Ukisimama tu ncha inafaa kuinuka kiasi, kama karatasi chache zinapita chini yake, juu mti bado haujajipinda. Cha maana ni vile inafika kwa mpira.

Sawa, umepima, umepata imesimama digrii 2. Sasa hapa ndo watu wanapoteza fimbo.

Fundi wa kweli ana mashine ya kushika kichwa cha fimbo bila kukikwaruza, na kipimo cha pembe kimeunganishwa hapo. Anapima kwanza lofti na lai, anaandika. Anavalisha chuma kirefu chenye pengo kwa shingo ya fimbo, hapo kichwa kinaungana na mti, anavuta polepole. Chuma huwa kinarudi nyuma kidogo, so anapitisha kiasi, anaachilia, anapima tena. Dakika chache tu. Anacheki pia lofti, juu shingo ikikunjwa vibaya lofti inahama nayo, na weji ikibadilisha lofti inabadilisha vile soli inakaa kwa mchanga. Kama fundi anaanza kuvuta bila kupima kitu, beba fimbo yako urudi home.

Swali la kwanza la kumuuliza ni kama chuma yenyewe inakunjika. Weji iliyofuliwa kwa chuma laini inakunjika vizuri, digrii 2 hadi 3 haina noma. Ile iliyomiminwa kwenye kalibu kwa chuma kigumu cha pua inaweza kukunjika kidogo, wengi husimama kwa digrii 2, na zingine zinadinda kabisa ama zinapasuka hapo shingoni. Rangi ya kung'aa pia inaweza kufanya mikunjo ama kupasuka. Fundi mzuri atakuambia hiyo kabla hajagusa, na atakuambia hatari ni yako.

Usipeleke kwa vaisi ya msee wa geti na grili. Namheshimu huyo msee, anajua chuma kuliko sisi wote, lakini vaisi itakula uso wa fimbo na hana kipimo. Na mtu akisema atawasha gesi ipate moto ilainike, kataa. Mti umeshikwa ndani ya shingo kwa gundi, na moto ndo hutumika kuitoa hiyo gundi. Utaenda na fimbo iliyonyooka, kichwa kitaruka pamoja na mpira.

Usikate mti pia bila kufikiria. Hesabu ya mafundi ni kwamba nusu inchi ya urefu inacheza kama digrii moja ya lai. Ukiongeza urefu, fimbo inakuwa kama imesimama. Ukikata, kama imelala. So kuna mtu hukata weji yake ili "aishike poa," na bila kujua anarekebisha kosa moja ama anaanzisha lingine.

Kuna wasee watakuambia kila mtu anafaa kuwa na lai ya kawaida na ajifunze. Waonyeshe Bryson DeChambeau. Fimbo zake za chuma zote zina urefu mmoja, na lai amezisimamisha sana kuliko za watu wa kawaida, juu mikono yake inakaa juu akipiga. Pembe yenye ni wazimu kwako, kwake iko sawa.

Fanya marekebisho kabla ya raundi, sio katikati. Sheria haikubali ubadilishe kwa makusudi vile fimbo inafanya kazi ukiwa umeanza kucheza. Ukitoka kwa fundi, rudia ile ya maka mara kumi zingine. Wiki ya kwanza utapiga kulia, usishtuke na usirudi kwa fundi na hasira. Mwili wako umekaa miezi ukisukuma kulia kuficha lile kosa, na bado unasukuma. Lenga tu bendera, piga kama hujawahi kuskia mtu akisema unavuta.

Na kama weji yako ni ya chuma laini na unaichapa sana kwa zulia gumu la mazoezi, pembe inaweza kuhama polepole yenyewe. Pima tena mara moja kwa mwaka. Maka ni ya bei ya chai na mandazi.